Taa za Dharura Zinapogoma Umeme Ukikatika kwa Siku Nyingi: Dalili, Sababu na Tiba

Kisiwa cha Unguja hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kupitia kebo iliyolazwa chini ya bahari, na wakazi wake wanajua vizuri kinachotokea njia hiyo inapopata hitilafu. Mwaka 2008 umeme ulikatika tarehe 21 Mei, kisiwa kikakaa takriban wiki nne gizani. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, safari hii kwa kiasi cha miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Kebo mpya ya megawati 100 iliyozinduliwa mwaka 2013 imepunguza sana hofu ile, lakini dhoruba, mgawo na transfoma ya mtaa kuungua bado vinaweza kuiacha nyumba bila umeme kwa siku kadhaa, iwe Unguja, Mtwara au Kisumu.

Katika ile miezi mitatu nilikuwa na meza ya kutengeneza redio na simu mjini. Siku nne za kwanza hakuna aliyeniletea taa. Kuanzia siku ya tano hivi zikaanza kuja moja moja, na kufikia wiki ya tatu meza ilikuwa imejaa taa, nyingi zikiwa mpya au karibu na mpya. Ndipo nilipoelewa kwamba taa ya dharura hutengenezwa kwa ajili ya giza la saa chache, na kwa saa hizo chache karibu kila taa huonekana nzima. Kwa sababu hiyo, kabla sijashika bisibisi, swali langu la kwanza mpaka leo ni hili: taa iliacha kuwaka usiku wa ngapi?

Ikigoma usiku wa kwanza, kasoro imo ndani ya kifaa chenyewe au katika namna kilivyofungwa. Ikigoma usiku wa pili mpaka wa nne, mara nyingi kifaa ni kizima, ila chaji inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia. Ikigoma baada ya wiki mbili au zaidi, kuna kitu kimechakaa: betri, kiunganishi kilicholiwa na kutu, utambi, au mafuta yenyewe. Dalili zinazofuata nimezipanga kwa kuzingatia jibu la swali hilo.

Taa ya kuchaji imekaa kwenye chaji siku nzima, lakini inazimika baada ya dakika chache

Hili ndilo tatizo lililonijia mara nyingi kuliko mengine yote. Bi mkubwa mmoja wa Ng'ambo aliniletea taa yake ikiwa bado ndani ya boksi lake la dukani. "Mwanangu, hii nimeitunza miaka miwili, sijaigusa, nikijua iko siku itanifaa," aliniambia. Nilipofungua skrubu nne za nyuma nikakuta betri ya risasi ya volti 6, yaani ile nzito yenye bamba za madini ya risasi na asidi, imevimba mbavu, na kwenye kichwa cha waya mwekundu kulikuwa na unga wa kijani mzito kama ukoga. Kutunza bila kuigusa ndiko kulikoiua. Betri ya risasi hupoteza chaji yake polepole hata ikiwa imezimwa, na ikikaa bila chaji kwa miezi, bamba zake hufunikwa na fuwele ngumu za salfeti ambazo chaja ndogo haiwezi tena kuziyeyusha. Taa ya "chaji imejaa" itawaka upesi, kwa kuwa betri iliyoziba haipokei kitu, na mwenye taa ataamini kwamba amechaji.

Ili kujua kama tatizo ni betri au ni chaja, chaji taa mpaka ijae, iache saa mbili ikiwa imezimwa, kisha pima volti za betri kwa mita ya fundi. Betri ya risasi ya volti 6 iliyo nzima itasoma karibu 6.3 au 6.4. Washa taa huku ukiangalia mita: usomaji ukiporomoka chini ya 5.5 ndani ya dakika moja au mbili, betri imekwisha, na hakuna dawa ila kuibadilisha kwa nyingine yenye volti zilezile na umbo linaloingia. Usomaji ukiwa mdogo tangu mwanzo, kabla hata ya kuwasha, tazama kwanza waya wa chaja na tundu lake, kwa maana tundu linalocheza ndilo chanzo cha pili kwa wingi.

Taa za siku hizi nyingi zina betri za lithiamu, na tabia yake ni tofauti. Seli moja ya lithiamu ya kawaida ikijaa husoma volti 4.2, na ikishuka chini ya 3 imekaribia kuwa tupu. Ikiachwa tupu kwa miezi mingi inaweza kushuka mpaka kiwango ambacho chaja inakataa kuianza. Nawasihi wasomaji wasijaribu "kuishtua" seli ya namna hiyo kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri nyingine, kama baadhi ya mafundi wafanyavyo, kwa sababu seli iliyoharibika ndani inaweza kushika moto ikiwa inachajiwa usiku watu wamelala. Seli iliyovimba, hata kidogo, haichajiwi tena.

Balbu ya kuchaji haiwaki umeme unapokatika, ingawa ukiishika mkononi inawaka

Hizi ni zile balbu zinazofungwa kwenye soketi ya kawaida, zenye betri ndogo ndani. Watu wengi huzirudisha dukani zikiwa nzima, kwa kutojua zinavyofanya kazi. Balbu hii inapokosa umeme hupeleka mkondo mdogo sana kwenye nyaya zinazoiunganisha na nyumba, ikitafuta kama kuna njia ya kuzunguka na kurudi. Ikiipata njia, yaani swichi ya ukutani imewashwa na kuna vifaa vingine au laini ya nje vinavyokamilisha mzunguko, inaelewa kwamba umeme umekatika na inawaka. Isipoipata, inadhani umezima swichi kwa hiari yako, nayo inatulia. Vidole vyako vikigusa kitako chake sehemu mbili huwa ndiyo njia yenyewe, na ndiyo maana inawaka mkononi.

Sasa fikiria kinachofanyika katika nyumba yenye tahadhari. Umeme umekatika, baba mwenye nyumba anazima swichi kuu ili friji isiungue umeme ukirudi kwa nguvu, na mama anachomoa televisheni na feni. Hapo njia zote zimefungwa, na balbu zinakaa kimya. Tiba ni kuacha swichi ya balbu ikiwa imewashwa na kubakiza kifaa kimoja cha kawaida, kwa mfano pasi, kikiwa kimechomekwa na swichi yake imewashwa kwenye mstari huohuo wa sakiti. Kifaa hicho sharti kikumbukwe, kwa kuwa umeme ukirudi kitaanza kufanya kazi, na pasi iliyosahauliwa juu ya nguo ni balaa kubwa kuliko giza. Mimi napendelea kuitoa balbu kwenye soketi na kuitia kwenye kifuniko chenye ndoano ambacho baadhi huuzwa nacho. Hapo inakuwa taa ya kubeba, na hakuna la kukumbuka.

Kwa giza la siku nyingi, hata hivyo, balbu hizi hazifai kuwa tegemeo. Hudumu saa tatu au nne, na hazina njia nyepesi ya kuchajiwa bila umeme wa ukutani. Ikigoma usiku wa pili haijaharibika, haikupewa chakula.

Taa ya USB inazimika yenyewe baada ya nusu dakika, na pawabenki imejaa

Pawabenki nyingi hujizima zinapoona kifaa kilichochomekwa kinakula mkondo mdogo mno, zikidhani simu imeshajaa. Taa ndogo ya LED ya wati moja au chini yake inaweza kuangukia hapo. Chomeka taa kubwa zaidi, au chomeka na simu kwenye tundu la pili, taa itaendelea kuwaka.

Sola iliwaka vizuri usiku wa kwanza na wa pili, lakini usiku wa tatu ikazimika saa mbili

Hapa ndipo penye malalamiko mengi kwa mafundi wasiokuwa na hatia, na hapa panahitaji hesabu kabla ya kufungua kitu chochote. Balbu tatu za wati 5 zikiwaka saa tano kila usiku zinakula wati-saa 75. Simu mbili zinaongeza kama 30. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne inaongeza 120, na hapo tayari tumefika 225. Paneli ya wati 50 katika siku ya jua zuri la pwani inaweza kuingiza kwenye betri kiasi cha wati-saa 150, ukiondoa upotevu wa joto, vumbi na waya; siku ya mawingu ya masika inaweza kuingiza theluthi yake au chini ya hapo. Kwa hiyo kila siku nyumba inakopa kwenye betri, na betri ya volti 12 ya ampea-saa 50, ambayo kwa usalama inakupa nusu tu ya wati-saa zake 600, inakopeshwa mara mbili kisha inafunga mlango. Usiku wa tatu hakuna kilichoharibika. Ondoa televisheni, na mfumo uleule utawaka mpaka umeme urudi, mradi jua litoke.

Hesabu ikikubali na bado taa zinazimika mapema, fuata njia ya umeme kutoka juu kwenda chini. Anza na paneli. Ifute vumbi na chumvi ya bahari kwa maji na kitambaa laini asubuhi ikiwa bado ya baridi. Kisha kaa uitazame kivuli chake saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri: kivuli cha jani moja la mnazi linalokata seli chache kinaweza kunyima paneli nzima sehemu kubwa ya nguvu yake, kwa sababu seli zake zimeungwa mfululizo kama foleni. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo paneli ielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo, unaotosha mvua kuiosha na kuteremka.

Kisha ichomoe paneli kutoka kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, na upime ncha za waya wake juani. Paneli ya mfumo wa volti 12 inapaswa kusoma karibu 20 mpaka 22. Ikisoma vizuri hapo, irudishe, kisha pima kwenye vichwa vya betri mchana: usomaji ukipanda pole pole kuelekea 14, chaji inaingia. Ukibaki palepale 12 na kitu huku jua likiwaka, kontrola imekufa au waya umelegea. Wakati wa kufungua na kufunga, betri iwe ya kwanza kuunganishwa na kontrola na ya mwisho kutolewa. Kontrola nyingi huharibika kwa kupewa umeme wa paneli bila betri.

Mwisho ni betri. Ipime alfajiri, taa zote zikiwa zimezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikisoma 11.9 au chini iko karibu tupu, na kila alfajiri inayokutwa hapo inapunguziwa umri. Ikiwa imechajiwa kutwa nzima na bado inasoma kama 10.5, chumba kimoja kati ya vyumba sita vya ndani kimekufa, na betri hiyo haifufuki. Kama ni ya kufunguliwa, angalia maji ya kila chumba na uongeze yale yaliyosafishwa tu, kamwe si ya bomba wala ya kisima. Usiichungulie kwa kibiriti wala kwa kandili: betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na nimeona shati lililotobolewa na asidi ya betri iliyolipuka kwa njiti moja.

Nitaje pia betri ya gari, kwa kuwa wengi huiazima giza likirefuka. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini na kujazwa papo hapo. Ukiikausha kila usiku, itaanza kuchoka ndani ya wiki chache. Kama huna nyingine, itumie, ila zima taa inapofika 12.2, na usiongoje izimike yenyewe.

Inveta inalia, kisha inakata

Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Mlio wake ni onyo kwamba volti za betri zimeshuka, na inveta nyingi za volti 12 hukata zikifika karibu 10.5. Kama betri ilikuwa na 12.6 dakika tano zilizopita, usiilaumu kwanza betri. Shika klipu na waya mzito kwa mkono. Pakiwa pa moto, umeme unapotelea hapo. Safisha vichwa vya betri kwa maji yaliyochanganywa na magadi, kwa kuwa uchafu wake ni wa asidi. Tochi iliyovujiwa na betri za alkali hutaka kinyume chake, siki au ndimu kidogo, kwa kuwa uchafu ule ni wa magadi. Nimeona watu wakivibadilisha viwili hivi na kushangaa kutu haiondoki. Na kwa taa peke yake, kama unaweza kupata balbu za volti 12, achana na inveta kabisa: yenyewe inakula wati kadhaa hata kama hakuna taa iliyowashwa.

Taa ya chumba cha mbali ni hafifu, ya karibu na betri ni kali

Waya ni mwembamba. Kwa umeme wa volti 12 kila nusu volti ina uzito. Waya wa milimita za mraba 0.5, ukienda mita kumi na kurudi kumi, ukibeba ampea moja na nusu, unapoteza zaidi ya volti moja njiani. Waya wa 2.5 unapoteza kama sehemu ya tano ya hiyo. Badilisha waya, au sogeza taa, uielekeze kwenye dari jeupe ili mwanga usambae.

Kandili inatoa masizi, au moto wake unarukaruka

Masizi kwenye chemni husababishwa kwa kawaida na utambi uliopandishwa mno au uliokatwa upogo. Uzime moto, uache upoe, ukate utambi sawasawa ukipunguza pembe mbili kidogo, na usafishe vitundu vya hewa chini ya kichomeo. Kama baada ya hapo moto bado ni mwekundu na una moshi, mafuta yamechanganywa na dizeli au yana maji.

Moto unaorukaruka, tangi linalopata joto lisilo la kawaida na harufu ya petroli ni jambo jingine kabisa. Izime kandili mara moja, itoe nje, na mafuta hayo yasitumike tena kwenye taa yoyote. Petroli kidogo ndani ya mafuta ya taa inatosha kuifanya kandili kuwa bomu, na wakati wa giza refu, madumu yanapobadilishana kazi kati ya jenereta na kandili, kosa hili hutokea kwa urahisi mkubwa. Kila dumu liwe na kazi moja na alama yake.

Tena mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, msimtapishe wala msimpe maziwa kwa kudhani yanakata sumu. Hatari kubwa ni mafuta kuingia kwenye mapafu wakati wa kutapika. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na chupa yenyewe mwende nayo.

Taa za jenereta zinapepesa, au jenereta inahema

Jenereta inayopanda na kushuka sauti kama inayohema mara nyingi ina kabureta chafu, hasa kama petroli ilikaa ndani kwa miezi. Mwaga petroli ya zamani, safisha kabureta, tia mpya. Ikiwa inahema na kuna balbu mbili tu zilizowashwa, huenda mzigo ni mdogo mno kwake; tumia saa hizo kuchaji betri, taa na simu zote kwa pamoja, kisha izime. Saa mbili za jenereta jioni na betri usiku kucha ni nafuu kuliko jenereta mpaka alfajiri.

Mtu anayeumwa kichwa, anayepata kizunguzungu au kichefuchefu wakati jenereta inanguruma ukumbini au barazani amevuta gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtoeni nje kwanza, jenereta izimwe baadaye, kisha hospitali. Jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye mlango na madirisha, hata kama mnahofia wezi. Ifungeni kwa mnyororo.

Na kama taa za nyumba nzima zinawaka kwa jenereta iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili, izimeni sasa. Umeme huo hutoka mpaka kwenye nguzo, transfoma huupandisha kufikia maelfu ya volti, na fundi aliyepanda akiamini laini imekufa hufa yeye. Swichi ya kubadilishia umeme, inayofungwa na fundi mwenye leseni, ndiyo njia pekee.

Umeme umerudi, taa zimewaka kwa ukali usio wa kawaida, kisha zimefifia

Zima swichi kuu. Katika dakika za mwanzo volti hupanda na kushuka, na mara nyingi umeme hukatika tena. Ngoja robo saa hivi, washa taa moja, itazame, ndipo urudishe friji. Kama baadhi ya taa zinang'aa mno na nyingine ni hafifu kwa wakati mmoja, huenda waya wa nyutro, yaani wa kurudishia umeme, umelegea, ndani au nje ya nyumba; usiwashe kitu, ita fundi wa shirika.

Vifaa vya dharura visirudishwe kabatini siku hiyo. Betri za risasi zichajiwe mpaka zijae kabisa, kisha zirudiwe kila baada ya miezi miwili. Za lithiamu ziachwe kama nusu hivi. Betri za tochi zitolewe ndani ya tochi. Bi mkubwa wa Ng'ambo, baada ya kuwekewa betri mpya, aliichomeka taa yake kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi akitoka msikitini, na kebo mpya ilipozinduliwa mwaka 2013 ilikuwa bado inawaka.